Friji ikigoma, nani anakuja? Wakala wa kampuni, chapa ya nyumbani, duka la Kariakoo na fundi wa mtaa

Mtu akienda kununua friji huuliza bei, huuliza lita, hufungua mlango na kuvuta droo ya mboga, halafu huanza kuomba apunguziwe. Swali la nani atakuja siku itakapogoma kugandisha huachwa kwa muuzaji, na muuzaji ana jibu moja tu: "Hii ina waranti, bosi wangu, wala usiwe na shaka." Waranti ya nani? Ya kiwanda, ya mwagizaji, ya duka, au ya mdomo? Hizo ni huduma nne tofauti kabisa, hata kama friji zenyewe zimetoka kiwanda kimoja na zina nembo ileile mlangoni.

Kwa hiyo hapa silinganishi nembo kwa nembo. Nalinganisha njia nne za kupata msaada: kituo rasmi cha kampuni kubwa ya nje, chapa za hapa Afrika Mashariki, duka linalotoa waranti yake lenyewe, na mtumba unaomtegemea fundi wa mtaani. Ili tupime sawasawa nimechukua ugonjwa mmoja: friji ya milango miwili, ile isiyoota barafu, taa inawaka, friza ya juu inagandisha, ila chini maziwa yanachacha.

Tuuelewe ugonjwa kwanza, maana ndio utakaotutofautishia wahudumu. Friji za aina hiyo zina hita ndogo nyuma ya ukuta wa friza. Kazi yake ni kuyeyusha utando wa barafu unaojijenga kwenye koili. Hita ikikata, au sensa ya joto inayoiamrisha ikifa, barafu inazidi kunenepa mpaka feni inashindwa kusukuma baridi kwenda chini. Ukiizima usiku kucha na mlango wazi, ukaiwasha tena, inafanya kazi vizuri siku chache kisha inarudia. Gesi haihusiki hata kidogo. Spea yenyewe ni ya bei nafuu ukilinganisha na kompresa. Anayekwambia hapo kwamba gesi imekwisha, ama hajui kazi ama anaijua sana.

Kituo rasmi cha kampuni kubwa

Samsung na LG ni za Korea Kusini, Hisense ni ya Qingdao, China. Hakuna hata moja inayomtuma mtu kutoka huko kuja Tabata kukutazamia friji. Kinachotokea ni kwamba kampuni inateua msambazaji, na msambazaji anaendesha kituo cha huduma au anaingia mkataba na karakana ya mtu mwingine. Simu unayopiga inapokelewa na huyo. Ndiyo maana jirani yako wa Nairobi anaweza kuisifu chapa ambayo wewe wa Mwanza unailaani, na wote wawili mkawa mnasema kweli.

Ukipiga simu, cha kwanza utakachoulizwa ni modeli na namba ya mashine. Kibandiko chenye namba hizo mara nyingi kipo ndani, ubavuni karibu na droo ya mboga, au nyuma ya friji. Kipige picha siku friji inapoingia ndani, kabla haijasukumwa ukutani, pamoja na risiti, maana wino wa risiti za mashine hufifia hadi karatasi ikabaki nyeupe. Baada ya hapo unapewa namba ya kumbukumbu. Namba hiyo ndiyo inayokupa nguvu. Bila hiyo, kila ukipiga simu unaanza hadithi upya na mtu mpya.

Fundi wa kituo rasmi akifika kwenye friji yetu, kwa kawaida hafungui kitu kwa kubahatisha. Friji nyingi za siku hizi zina bodi ya kielektroniki inayotoa msimbo wa hitilafu, naye ana orodha ya misimbo ya modeli hiyo. Ataambiwa na friji yenyewe kwamba mzunguko wa kuyeyusha barafu haufanyi kazi. Hapo anaizidi sana karakana ya kawaida, hasa kwa friji za inveta, ambazo kompresa yake huongozwa na bodi na haiwashwi kwa kuunganishiwa umeme moja kwa moja.

Udhaifu wake ni kusubiri. Kama hita ya modeli yako haipo stoo, inaagizwa, na hapo unaingia kwenye hadithi za kontena na forodha. Kituo kimoja, ambacho sitakitaja, kiliniweka kwenye foleni ya "spea ipo njiani" kwa muda mrefu hadi nikaanza kuhifadhi samaki kwa jirani. Walikuwa wastaarabu kupita kiasi. Kila nikipiga: "Tunaomba radhi mteja wetu, bado tunalifuatilia." Nilichojifunza pale ni kuuliza swali lingine kabisa: spea ipo nchini, ndiyo au hapana? Na kama haipo, imeshaagizwa, au inasubiri wafike wateja wengine wenye shida kama yangu? Huyo mpokea simu alipoulizwa hivyo alinyamaza kidogo, akaniunganisha na msimamizi, na ndipo nikajibiwa kwa tarehe.

Jambo la pili ni maandishi ya waranti. Tangazo linasema "miaka 10" kwa herufi kubwa. LG imeitangaza sana miaka 10 ya kompresa zake za inveta, na Samsung katika baadhi ya nchi imefika miaka 20. Soma mstari wa chini. Friji nzima kwa kawaida inalindwa mwaka mmoja au miwili. Hiyo miaka mingi ni ya kompresa peke yake, na mara nyingi ni ya kipande chenyewe tu: gesi, draya (kichujio kidogo kwenye bomba la gesi), usafiri na ujira wa fundi ni juu yako. Hita yetu ikikata mwaka wa tatu, hiyo miaka 10 haikusaidii kwa lolote. Kwa hiyo ukilinganisha friji mbili, linganisha urefu wa waranti ya friji nzima kwanza. Yenye miaka miwili kwa vipande vyote ina faida kubwa kuliko yenye mwaka mmoja na tangazo la kompresa.

Kuna kisa maarufu cha Qingdao. Mwaka 1985, Zhang Ruimin, mkuu wa kiwanda ambacho baadaye kilikuja kuitwa Haier, aliwaamuru wafanyakazi wake wavunje kwa nyundo friji 76 zilizokuwa na kasoro, mbele ya wenzao. Kisa kinasisimua, na kimefundishwa katika vyuo vya biashara duniani. Lakini nyundo hiyo haijavuka bahari. Ubora wa kiwandani unapunguza uwezekano wa friji kuharibika; ikishaharibika uko mikononi mwa msambazaji wa nchi yako.

Chapa za nyumbani

Kenya ina chapa zake: Ramtons, Von, Mika. Vifaa vingi vinavyobeba majina hayo hutengenezwa na viwanda vya nje, kisha vinaletwa kwa jina la kampuni ya Kenya. Wapo wanaozidharau kwa sababu hiyo. Mimi kwa upande wa huduma naona hapo ndipo penye faida yake. Anayeagiza, anayeuza, anayeweka stoo ya spea na anayemlipa fundi ni kampuni moja. Hakuna pa kurushiana mpira. Ukienda kugomba dukani kwao, umeenda kugomba kwa mwenye jina.

Friji yetu yenye hita mbovu, ukiwa Nairobi au Mombasa, ina nafasi nzuri kwenye njia hii. Kuna kituo, kuna karakana, na msamiati ni mmoja: unaeleza kwa Kiswahili na fundi anakuelewa kwa Kiswahili. Kasoro inayojitokeza ni kwamba chapa ya namna hii inaweza kubadilisha kiwanda kati ya modeli moja na inayofuata. Friji ya mwaka huu na ya miaka mitano iliyopita zina jina moja, ila ndani hazifanani hata skrubu. Modeli ikishaachwa, spea zake zinategemea walichobakiza stoo. Nunua modeli iliyoingia sokoni karibuni, usivutiwe na ile inayosukumwa kwa punguzo kubwa la kumaliza mzigo.

Kwa watu wa Arusha na Moshi wanaovusha vitu Namanga: bei inaweza kuwa nzuri, lakini waranti inabaki Kenya. Utarudi mpakani na friji mgongoni? Tanzania pia ina wafanyabiashara wanaoleta vifaa kwa majina yao wenyewe, na kipimo ni kilekile: waulize karakana yao iko mtaa gani, kisha nenda ukaione. Ukikuta chumba chenye meza ya mafundi, makasha ya bodi na friji za watu zenye vibandiko vya majina, hao wanahudumia. Ukielekezwa namba ya simu tu, hiyo ni njia ya tatu iliyovaa koti la njia ya pili.

Waranti ya duka

Kariakoo kwa Dar es Salaam, Luthuli kwa Nairobi. Bei ya huku inashinda bei ya duka rasmi, na wakati mwingine friji ni ileile kwa kila kitu. Tofauti ipo kwenye njia iliyopitia. Friji nyingi za bei hiyo huletwa na mfanyabiashara mwenyewe kutoka Dubai, zikiwa zimetengenezwa kwa ajili ya soko la Ghuba. Ni halisi, si feki. Ila waranti ya vifaa vikubwa vya nyumbani kwa kawaida hufuata nchi ambayo kifaa kilikusudiwa kuuzwa. Ukipeleka namba ya mashine kwenye kituo rasmi, mpokea simu anaiingiza kwenye kompyuta na kukwambia kwa upole kwamba friji hiyo haikupitia kwao. Watakutengenezea kwa malipo, kama spea ipo.

Jambo hili linawahusu sana ndugu zetu wa Unguja na Pemba, na wote wenye jamaa Muscat au Dubai. Friji ya zawadi kutoka Oman inafanya kazi vizuri Zanzibar kwa sababu umeme ni wa mzunguko wa hezi 50 kote kuwili. Ya kutoka Saudi Arabia ina mtihani, kwa kuwa Saudia wanatumia hezi 60, na kompresa ya kawaida iliyoundwa kwa hezi 60 haifurahii hezi 50. Ya Marekani ndiyo kabisa, ni ya volti 120. Kwa zote hizo kituo rasmi cha huku hakina deni nawe.

Sasa dukani wanakupa nini? Wengi wanagonga muhuri kwenye risiti na kuandika kwa kalamu: "Waranti mwaka 1, kompresa tu." Upande wa pili wa karatasi kumechapwa "bidhaa ikiuzwa hairudishwi". Ukipata tatizo unarudi dukani, muuzaji anampigia fundi wake, na fundi wake anakuja haraka, wakati mwingine siku hiyohiyo. Kwa kasi, njia hii inaishinda ile ya kwanza mchana kweupe. Muuzaji hataki ugomvi mbele ya wateja wengine, na anajua ukikaa kwenye kiti chake cha plastiki asubuhi nzima ukieleza kisa chako kila anayeingia, atauza kidogo siku hiyo.

Lakini hita yetu si kompresa. "Dada yangu, hii mbona haimo kwenye waranti, ila nitakuitia fundi akufanyie bei ya undugu." Hapo ndipo mnapoanza mazungumzo, na hapo ndipo watu wengi wanakata tamaa wakati hawapaswi. Tanzania, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamwekea muuzaji sharti kwamba bidhaa iwe ya ubora unaouzika na ifae kwa kazi ambayo mnunuzi aliitaja. Mkataba wako ni na aliyekuuzia. Hawezi kukurusha kwa kiwanda cha China. Sheria ya Ushindani namba 8 ya mwaka 2003 nayo inalinda mlaji dhidi ya mwenendo wa kupotosha katika biashara, na msimamizi wake ni Tume ya Ushindani, FCC. Kenya haki za mlaji zimo ndani ya Katiba ya 2010, ibara ya 46, ikiwemo haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kulipwa fidia kwa hasara, kisha ikaja Sheria ya Kumlinda Mlaji ya 2012. Sisemi uende mahakamani kwa ajili ya hita. Nasema ukimtajia muuzaji kwamba una risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye jina la duka, modeli na namba ya mashine, sauti inabadilika. Risiti ya mkono iliyoandikwa "friji 1" haibadilishi sauti ya mtu.

Mtumba na fundi wa mtaa

Huku hakuna waranti, kuna "jaribu hapa hapa ukiridhika chukua". Huduma ni fundi. Na mafundi hawalingani, kwa hiyo niwaeleze wawili walioikuta friji yenye ugonjwa wetu huuhuu.

Wa kwanza aliingia, akapeleka mkono nyuma, akashika bomba la shaba kwa kiganja, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Dada, gesi imekwisha." Gesi ya friji haiishi kwa kutumika. Inazunguka ndani ya bomba lililofungwa miaka yote. Ikipungua, kuna mahali panavuja. Anayejaza bila kutafuta tundu anakuuzia miezi michache ya baridi. Na kwenye friji yetu gesi ilikuwa kamili.

Wa pili alichomoa plagi, akaomba ndoo na kitambaa. Akafungua ukuta wa plastiki ndani ya friza, barafu ikatokea nyeupe imeziba koili yote, feni imezama. Akaimwagia maji ya moto kidogo kidogo, akiikinga na kitambaa isirukie waya. Koili ilipoonekana akatoa mita, akagusa ncha mbili za hita. Sindano haikutikisika. "Hita imekata, dada. Nipe pesa ya spea au uende mwenyewe Kariakoo, nakuandikia." Akaandika modeli kwenye kipande cha kasha. Huyo nilihifadhi namba yake kwa jina la "Fundi Friji wa Kweli", na nimeshaigawa kwa nusu ya mtaa.

Kwa hiyo fundi mzuri wa mtaa anaweza kuishinda njia zote tatu kwa kasi na kwa bei. Shida yake inaanzia kwenye gesi za sasa. Friji nyingi mpya zinatumia R600a, isobutani, ambayo ni ya ukoo mmoja na gesi ya kupikia na inawaka moto. Angalia kibandiko cha nyuma: kuna alama ya mwali ndani ya pembetatu ya njano, na kiasi kimeandikwa kwa gramu, mara nyingi makumi machache tu. Kiasi kidogo hivyo hakipimwi kwa kiganja. Kinahitaji mizani ndogo, na kabla ya kujaza, pampu ya kuvuta hewa yote. Fundi anayetaka kuijaza R134a kwa sababu ndiyo aliyonayo kwenye mtungi, mwambie ahsante na umpe nauli. Anayetaka kuchomelea bomba jikoni bila kutoa gesi nje kwanza, mtoe yeye nje.

Friji za mtumba wa Ulaya zina mambo yake. Sheria za Umoja wa Ulaya zilizoanza Machi 2021 zinawalazimu watengenezaji wa friji kuweka bodi, sensa na termostati kwa mafundi kwa angalau miaka 7 tangu modeli ya mwisho kuuzwa, na mpira wa mlango kwa miaka 10. Ni habari njema kwa mtu wa Hamburg. Kwetu inasaidia kwa njia ya mzunguko tu, ukiwa na ndugu wa kukununulia na kukutumia. Pia angalia herufi ya hali ya hewa kwenye kibandiko. N maana yake friji imeundwa kwa chumba kisichozidi nyuzi 32, ST nyuzi 38, T nyuzi 43. Dar es Salaam mwezi Februari kivulini tu tunagusa 32, na jikoni ni zaidi. Friji ya N itafanya kazi bila kupumzika, LUKU italia, na utamlaumu fundi bure.

Kifungu cha umeme

Karibu waranti zote, ya kampuni, ya chapa ya nyumbani na ya duka, zina mstari unaofanana: madhara ya umeme hayalipwi. Na umeme ndio unaoua bodi na kompresa zetu. Unakatika, unarudi kwa kishindo, unakuwa mdogo jioni watu wakipika na kupiga pasi. Fundi rasmi akikuta bodi imeungua alama nyeusi, anapiga picha, na mazungumzo ya waranti yanaishia hapo.

Friji gadi ya plagi inagharimu sehemu ndogo sana ya bei ya friji. Inakata umeme ukizidi au ukipungua, na inachelewesha kuwasha kwa dakika chache baada ya umeme kurudi, ili presha ndani ya kompresa isawazike. Hata hivyo faida yake kwenye huduma ni kubwa kuliko watu wanavyodhani: muulize muuzaji rasmi kabla ya kununua kama wanahesabu friji gadi kama ushahidi wa uangalizi. Wapo wanaoiandika kabisa kwenye karatasi kuwa ni sharti. Kama ni sharti na hukuweka, waranti yako imekufa tangu siku ya kwanza na hakuna aliyekwambia.

Mashine ya kufulia na jiko

Kwa mashine ya kufulia nina msimamo mkali kidogo: nunua kwa anayekuja kuifunga mwenyewe. Mashine ya mlango wa mbele inasafirishwa ikiwa na boliti ndefu nyuma zinazoshika pipa. Asipozitoa mtu, mashine inaruka sakafuni na kujivunja, na kampuni itasema ilifungwa vibaya. Fundi wa kampuni akiifunga, kosa hilo linakuwa lake. Maji ya kisima yenye chumvi ya Dar yanakula hita, na presha ya simtanki lililowekwa chini haitoshi mashine nyingi. Mwambie anayekuja kufunga aandike kwenye fomu kwamba ameikagua presha. Na kabla hujapiga simu kwamba haitoi maji, fungua chujio la chini. Kuna sarafu, pini, na soksi ya mtoto. Wakija kwa ajili ya hiyo utalipa.

Jiko la gesi la mtumba kutoka Uingereza limewekewa nozeli za gesi asilia ya bomba. Ukilifunga kwenye mtungi bila kubadilisha nozeli, moto unakuwa mrefu, wa njano, na sufuria zinakuwa nyeusi. Hapo fundi wa mtaa anatosha, ila awe anayeshughulika na majiko, si fundi bomba aliyejitolea.

Sasa uchague ipi

Kama unaishi kwenye jiji lenye kituo rasmi, na unanunua friji ya inveta au mashine ya kufulia yenye bodi, lipa hiyo tofauti ya bei na ununue kwa msambazaji rasmi. Kabla ya kutoa pesa, simama palepale dukani upige namba ya huduma iliyoandikwa kwenye kasha. Isipopokelewa siku ya kazi saa nne asubuhi, haitapokelewa ukiwa na nyama ya harusi kwenye friza.

Ukiwa Nairobi na bajeti ni ya kati, chapa ya nyumbani kwa maoni yangu ndiyo chaguo la kwanza. Unajua mlango wa kugonga.

Ukiwa Tunduru, Kasulu au Mpanda, hesabu inageuka. Kituo rasmi kiko mamia ya kilomita, na karatasi nyingi za waranti zinataka wewe ndiye ugharimie kuifikisha friji kituoni. Huko usinunue bodi. Tafuta friji ya kawaida ya kompresa isiyo ya inveta, yenye termostati ya kuzungusha kwa mkono, mlango mmoja, inayoota barafu unayoyeyusha mwenyewe. Kabla ya kwenda kununua, mfuate fundi friji wa pale mjini umuulize anaweza kutengeneza ipi na gesi gani anayo. Jibu lake lina uzito kuliko tangazo lolote. Waranti ya duka, kama duka liko palepale stendi, inakufaa kuliko ya kampuni iliyoko Dar.

Duka la Kariakoo kwa mtu wa Dar nalipendekeza kwa friza za biashara, zile za kulala, ambazo ni mashine rahisi na zinatengenezeka kokote. Kwa friji ya milango miwili yenye skrini mlangoni, hapana, hata kama wamekupunguzia.

Mtumba ununue kama tu unaye fundi tayari, si kwamba utamtafuta.

Vifaa vidogo havina haja ya mahesabu yote haya. Pasi, birika, blenda: hakuna kituo kitakachokutumia mtu kwa ajili ya pasi. Kwa blenda uliza kama jagi na kisu vinauzwa peke yake, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyokufa kabla ya mota, na hapo chapa zenye jina zinazishinda zile zisizojulikana. Birika la umeme omba maji dukani, lijaze mpaka kwenye alama, lichemke hadi lijizime lenyewe, uliinue uone kama halivuji chini, ndiyo ulipe.